Kwa Niaba ya Akina Mama

Nyumba ya kusubiria ilizinduliwa mwezi wa saba mwaka 1995, kwa ngoma na hotuba tatu, na kwa miezi saba ya mwanzo hakuna mwanamke aliyekaa ndani yake zaidi ya siku mbili. Ilisimama nyuma ya zahanati ya Mbasai, kijiji kilicho mbele kidogo ya kijiji cha Mbingu ukielekea Mlimba, na bati lake lilimeta kuliko la kanisa. Ndani vilikuwamo vitanda sita vya chuma, magodoro yakiwa bado na nailoni zake. Nia ilikuwa wajawazito wanaohamia mbugani, kwenye mashamba ya bondeni, msimu wa mpunga waje wakae hapo wiki mbili tatu za mwisho, uchungu usije ukawakuta ng'ambo ya maji mafuriko yakiwa yamefunga njia. Nia hiyo ilikuwa nzuri. Nesi Aurelia mwenyewe aliiamini, maana alishazika watoto wa kutosha, na mama zao pia.

Alikuwa na miaka arobaini na tisa, mzaliwa wa upande wa Mahenge, mkunga kwa miaka ishirini na mitatu, na kumi na mmoja kati ya hiyo aliitumikia hapo hapo Mbasai. Msaidizi wake alihamishwa na hakuletwa mwingine. Asubuhi alipima wajawazito, mchana akachoma sindano, jioni akachemsha vyombo kwa kuni alizotafuta mwenyewe. Uchovu wake ulikuwa umevuka ule unaoisha kwa kulala. Aliamka nao, akavaa gauni jeupe juu yake, akafungua mlango.

Februari mwaka uliofuata alikuja Deus, ofisa wa mradi wa mama na mtoto, kutoka ofisini kwao Viwanja Sitini, Ifakara. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo, mpole, mwenye faili lisilofungika kwa karatasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Deus alizunguka nyumba, akachungulia dirishani, akarudi na kuketi kwenye benchi la wagonjwa. "Mama, miezi saba. Wanawake watatu tu, na wote walikimbia. Nikiandika hivi, wakubwa wataniuliza walengwa wako wapi."

"Hata mimi najiuliza."

"Labda uhamasishaji haujatosha."

"Nimehamasisha, Deus. Kanisani nimesema, sokoni nimesema, kliniki kila Jumanne nasema."

"Basi tuhamasishe zaidi," alisema, akaandika neno hilo hilo kwenye faili. Aurelia aliona kwamba na yeye hakuwa na lingine la kuandika.

Kati ya wale watatu waliokimbia, mmoja alikuwa Bibiana, mke wa Kassian. Bibiana aliugua polio utotoni, miguu ikabaki myembamba isiyobeba kitu. Alitembea kwa mikono, ndara akizivaa viganjani. Alikuwa msusi wa mikeka, na mikeka yake ilifika hadi Ifakara. Mimba hiyo ilikuwa ya kwanza, na Aurelia ndiye aliyemsisitiza aje mapema kwa sababu nyonga zake zilikuwa finyu. Kassian alimleta kwa baiskeli mwishoni mwa Januari. Siku ya pili asubuhi Aurelia alipokwenda kumpima alikuta kitanda kitupu. Alikasirika, akaandika kwenye daftari: *Ameondoka bila ruhusa. Mkaidi.*

Katikati ya Machi Kassian alirudi peke yake, suruali imelowa hadi mapajani. Alisimama mlangoni mpaka foleni ikaisha.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba. Bibiana yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Alijifungulia shambani, juzi. Maji yalikuwa yameziba njia." Alikamua pindo la suruali. "Mtoto hakulia. Tumeshamzika. Nimekuja kuomba dawa ya mama, ana homa."

Aurelia hakumpa dawa akaondoka nayo. Alifunga zahanati, akatia vidonge na sindano kwenye kikapu, akaifuata baiskeli kwa miguu, saa moja na nusu ya tope.

Bibiana alikuwa amelala kwenye mkeka, uso umekauka. Mkunga wa jadi, bibi mmoja aitwaye Balbina, alikuwa amekaa kando yake akimkanda tumbo kwa kitambaa cha maji ya moto. Aurelia na Balbina walijuana kwa miaka mingi na hawakupendana. Nesi alishamkataza bibi huyo mara tatu asizalishe, mbele ya watu.

"Shikamoo, bibi. Poleni na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa."

Aurelia alipima homa, akachoma sindano, akasafisha palipohitaji kusafishwa. Kazi ilipokwisha hakuwa na haraka ya kuinuka. Hatimaye alisema, kwa sauti ndogo, "Ungebaki pale, Bibiana."

Bibiana alimtazama bila hasira. "Nesi, pale nilijisaidia chini."

"Vipi?"

"Choo kina ngazi tatu. Mvua ilinyesha, ngazi zilikuwa tope. Nikapanda kwa mikono, tumbo linaburuta. Ndani kuna mahali pa kuweka miguu na shimo katikati. Mimi miguu yangu haichuchumai. Mikono yangu niliiweka palepale watu wanapokanyaga, na bado sikuwahi. Nikarudi, kitanda kiko juu, siwezi kukipanda peke yangu, mama mkwe alikatazwa kulala mle. Nikalala sakafuni nimelowa. Asubuhi nikamwambia Kassian anirudishe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungefanya nini? Choo kilikuwa kimeshajengwa."

Balbina alikamua kitambaa. "Na jiko je, umewahi kuuliza? Mwanamke anatoka mbugani na mchele wake, anaambiwa kupika hapana, moshi utachafua ukuta. Sasa ale ukuta?"

Njiani kurudi Aurelia alikumbuka siku ya ramani ya nyumba ile. Ilikuwa kliniki ya Jumanne, wanawake arobaini nje, watoto wanalia. Deus aliikunjua ramani juu ya meza ya sindano na kuizuia isijikunje kwa chupa mbili za spiriti. "Mama, wewe unawajua hawa wanawake kuliko mtu yeyote. Iko sawa?" Aliitazama kwa muda wa kumeza mate. Aliona mistari iliyonyooka, akasema iko sawa, akatia sahihi palipoandikwa *kwa niaba ya akina mama wa Mbasai*. Akina mama wenyewe walikuwa hatua kumi tu kutoka hapo, kwenye jua, upande wa pili wa ukuta. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa amechoka, na kusema ndiyo ndiko kulikomaliza jambo upesi.

Wiki iliyofuata alipanda treni kwenda Ifakara. Alimkuta Deus ofisini nyuma ya feni isiyozunguka, akamsimulia yote, hata lile neno "mkaidi", akaomba wanawake wenyewe waamue marekebisho.

Deus alishika kichwa. "Pole sana, mama. Lakini fungu la ujenzi limefungwa. Kilichobaki ni saruji mifuko kumi na mbili ya ukarabati mdogo. Na siwezi kuwaachia wanawake waamue jengo, lazima mhandisi."

"Mhandisi aliamua mara ya kwanza."

"Na wewe ulikubali."

"Nilikubali. Ndiyo maana nimekuja. Andika kwenye ripoti yako kwamba sahihi ile niliweka kwa niaba ya watu ambao sikuwauliza. Andika jina langu."

Deus alizungusha kalamu vidoleni. Nje lori la miwa lilipita, madirisha yakatetemeka. "Nikiandika hivyo tutaonekana wote wawili hatujui kazi."

"Tuonekane."

Deus aliweka kalamu chini. Alionekana naye kama mtu ambaye ameandika ripoti nyingi za kupendeza na hazikumpendeza. Mwishoni alisema atatuma saruji, ataandika "marekebisho", na hatamtuma mhandisi. "Nipe mwezi mmoja na nusu. Lakini wakikosea, mama, kosa ni la nani?"

"Lao," Aurelia alisema. Akafikiri. "Na langu. Sijui. Tutaona."

Mkutano wa kwanza walikuja wanawake kumi na tisa. Aurelia aliuliza wanataka nyumba iweje, wakatazamana. "Iko sawa, nesi," mmoja alisema. "Wewe ndiye unayejua," akasema mwingine. Siwema, mama wa watoto wanne aliyekuja bondeni na wazazi wake waliofuata kazi ya miwa, aliuliza kama kutakuwa na posho. Aurelia alisema hakuna. Mkutano wa pili walikuja kumi na watatu, majibu yakawa yaleyale. Alirudi chumbani kwake akavua viatu, akakaa kitandani akitazama vifundo vya miguu vilivyovimba. Ilimjia kwamba angeweza kuchukua ile saruji akajenga tu ngazi mpya na kitu kama jiko, na hakuna ambaye angemlaumu. Ingekuwa kazi ya siku tano.

Mkutano wa tatu Balbina alikuja, na Kassian akamleta Bibiana kwa baiskeli. Bibiana alishuka, akavaa ndara zake mikononi, akaenda kukaa mbele kabisa. Wakasalimiana, wakanyamaza kama kawaida. Ndipo Balbina akamgeukia Aurelia.

"Nesi, toka."

"Samahani?"

"Toka ukakae kule zahanati. Wewe ukikaa hapa, hawa wote ni wagonjwa wako. Nani atakuambia ubaya leo, na kesho anakuletea mtoto wa kuchomwa sindano?"

Aurelia alitoka. Uso ulimwaka, maana hakuwahi kutolewa mahali na mtu tangu awe na cheo. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa, akaanza kukunja bandeji ambazo zilikuwa zimekunjwa. Mwanzoni hakusikia kitu. Baadaye zikaja sauti, mbili tatu kwa mpigo, na mwishowe kicheko kirefu cha wanawake wengi. Alijua wanamcheka yeye, au walau wanamwigiza anavyosema "fungua mdomo". Saa mbili nzima. Kisha akawaona wakitoka kwa mstari kwenda chooni, wakiingia mmoja mmoja, Bibiana akiwa wa mwisho. Wengine walimshikia mlango, naye akapima kwa shubiri, ukutani na sakafuni, kama anavyopima mkeka.

Walipomwita alisimama mbele yao kama mtu wa kusomewa hukumu. Siwema ndiye aliyesema.

"Jiko kwanza. Banda la nje, meko manne, tupike wenyewe. Vitanda vitoke vitano, kibaki kimoja kwa anayekitaka, mikeka tutaleta. Kila mjamzito alale na mtu wake, mama au mkwe. Choo ngazi zivunjwe, uwekwe mteremko, na ndani kiti cha matofali na mti wa kushikilia. Mlango wa choo ugeuzwe, sasa hivi unatazama barabarani, wanaume wanaosubiri lori wanatuhesabu tunavyoingia."

"Sawa," Aurelia alisema. Hilo la mlango lilimchoma kuliko mengine, kwa kuwa yeye mwenyewe alipita hapo kila siku.

"Ufunguo ukae kwetu. Siyo zahanati."

Aurelia aligusa ufunguo mfukoni. "Sawa."

"Na bibi Balbina alale mle, msimu wa mafuriko."

"Hapana," Aurelia alisema. "Hilo hapana. Akiwa mle watajifungulia mle, mlango wa pili kutoka kwangu. Nimefundishwa kuzuia hilo. Nimeona matokeo yake."

"Bibi anatufahamu lugha," mmoja alisema kutoka nyuma. "Wengine hatuwezi Kiswahili cha kliniki."

"Na anaamka ukimwita," alisema mwingine, na wengine wakatazama chini.

Aurelia aliwaambia juu ya damu isiyokoma, na wembe, na kifafa cha mimba. Alisema kwa utulivu na alisema kweli. Balbina alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sitazalisha. Nitakaa nao, nitawakanda, uchungu ukianza nitakuita. Ukichelewa, hapo sijui." Bibiana akasema wanyooshe mikono. Wanawake kumi na watano walinyoosha wakikubali. Aurelia alinyoosha wake akikataa, mkono mmoja mweupe wa gauni, akaushusha.

Fundi alikuwa Polycarp, mtu wa pale pale, na hakupenda kuamrishwa na wanawake kumi na watano. Alisema kiti cha choo kina kipimo chake. Bibiana akasema kipimo chake ni yeye, akajaribu kukikalia saruji ikiwa haijakauka vizuri, akashindwa kukipanda kutoka sakafuni, akasema kishushwe. Polycarp akabomoa, akajenga upya. Bibiana akaomba Siwema aliyekuwa na mimba ya miezi minane akikalie; Siwema akasema sasa kimekuwa chini mno, hawezi kuinuka. Wakabishana asubuhi nzima, mmoja akitaka juu, mwingine chini, hadi walipokubaliana kiti kibaki chini na mti wa kushikilia upandishwe. Polycarp aliulizwa na watu kilabuni kama anajenga choo au kiti cha askofu. Mifuko mitatu iliishia kwenye kubomoa na kujenga. Aurelia aliitazama saruji hiyo ikipotea na akauma midomo. Banda la jiko lilitoka likiwa limeinama kidogo upande wa mashariki. Ramani ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi kuitazama.

Mafuriko yaliyofuata walikuja wanawake kumi na mmoja. Hawakuwa wengi kama Deus alivyotaka, lakini walikaa. Asubuhi moshi ulipita juu ya bati, na harufu ya perege wa kukaanga ikaingia zahanati mpaka kwenye chumba cha sindano. Wakwe waligombania meko. Balbina alimwita Aurelia mara tisa, na mara ya kumi akachelewa kumwita. Mtoto alizaliwa juu ya mkeka, mikononi mwa bibi, akiwa mzima. Aurelia alimgombeza, Balbina akamjibu, na walikaa siku nne bila kusalimiana. Siku ya tano Aurelia alimpelekea boksi la glovu na kumwonyesha namna ya kuzivaa. Hakuna aliyeomba radhi.

Na si wote waliofika. Merina wa ng'ambo, ambaye mumewe alimkataza kutoka shambani, alikufa kwenye mtumbwi pamoja na mtoto. Nyumba haikuwa na jibu la hilo, wala Aurelia hakuwa nalo.

Deus alikuja Aprili na kamera. Alipiga picha mteremko na kiti, akatoa karatasi ya kupokea jengo. "Hapa, mama. Sahihi yako."

"Siyo mimi. Kamati ya akina mama iko jikoni."

Deus alikwenda jikoni na viatu vyake vya ofisi. Walimwambia asubiri wapakue. Alisubiri, akiwa amesimama, machozi ya moshi yakimtoka. Bibiana alisomewa karatasi yote, neno kwa neno, akauliza maana ya "kwa kuridhika", akasema wafute neno hilo kwa kuwa banda linavuja. Deus alilifuta.

Bibiana na Aurelia hawakuwahi kuwa marafiki. Waliongea waliyopaswa kuongea. Mara moja Aurelia alijaribu kusema kuhusu yule mtoto, na kuhusu alichokiandika daftarini. Bibiana alisikiliza, akasema, "Nimesikia, nesi," akaendelea kusuka ukili wa mkeka. Aurelia alielewa kwamba hapo ndipo pangeishia.

Mwezi wa sita, mavuno yalipopamba moto, kamati iliamua kufunga nyumba wiki tatu kwa sababu wote wako mashambani na hakuna wa kukaa na ufunguo. Aurelia alipinga. Aliwaambia mimba haingoji mavuno. Walipiga kura, akashindwa tena. Wiki ya pili, jioni jua likiwa halijazama, alifika mwanamke mgeni na mama yake, wametembea kutoka mbali, wakakuta kufuli. Aurelia aliwaingiza chumbani kwake, akawapa kitanda, yeye akalala kwenye kiti. Asubuhi mgongo ulikataa kunyooka. Alituma ujumbe kwa kamati wenye maneno machache: *Amekuja mtu, mlango ulikuwa umefungwa.* Hakuongeza lingine.

Alisubiri waje kumwita. Jumatatu ikapita, na Jumanne. Siku ya Jumatano, kwenye foleni, Siwema aliyeleta mtoto mwenye kikohozi alimwambia kama habari ya kawaida kwamba walikaa jana shambani kwa Bibiana, wakagombana sana, na sasa funguo zitakuwa mbili, moja kwa yule ambaye shamba lake liko karibu, na zamu itabadilika kila Jumapili.

"Mlikaa jana?"

"Jana jioni, nesi."

"Hamkuniita."

Siwema alionekana kushangaa, kisha kuona haya kidogo. "Tuliona umechoka. Halafu, jambo lenyewe lilikuwa letu."

Aurelia alimshika mtoto kifuani akamsikiliza mapafu. Kulikuwa na kitu kilichomuuma kama mtu aliyesahauliwa kwenye safari, na hakujidanganya kuhusu hilo. Chini ya maumivu hayo kulikuwa na kitu kingine, chepesi, ambacho hakukizoea, nacho kilimlegeza mabega. Alimwandikia mtoto dawa, akamwonyesha Siwema namna ya kupima kijiko. Foleni ilifika hadi kwenye mwembe wa barabarani. Alijifuta jasho, akaita jina lililofuata.